Mali Bila Daftari: Akiba ya Mkulima wa Ziwa Katika Miaka ya Maradhi

Katika Sura ya Yusuf, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ametusimulia habari ya mfalme wa Misri aliyeota ng'ombe saba wanono wakiliwa na ng'ombe saba waliokonda. Nabii Yusuf (a.s.), ambaye wakati huo alikuwa gerezani bila ya kosa, aliieleza maana ya ndoto hiyo: itakuja miaka saba ya mavuno, kisha miaka saba ya shida, basi kinachovunwa katika miaka ya kwanza kiachwe katika mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Na alipotolewa gerezani aliomba asimamie ghala za nchi, akataja sifa zake mbili tu: kwamba yeye ni mtunzaji, na kwamba yeye ni mjuzi.

Sifa hizi mbili haziachani. Mtunzaji asiye mjuzi hulala mlangoni mwa ghala na panya wakamaliza nafaka ndani. Mjuzi asiye mtunzaji hujua idadi ya magunia yote, na ndiyo maana akajua pia ni mangapi yatakayopotea bila ya watu kugundua. Wazee wetu wa Kiswahili wamelifupisha jambo hili kwa methali: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu msomaji, tunayakumbusha haya kwa sababu ya swali lililoulizwa na watu wengi katika miaka ya ugonjwa wa korona. Mwezi wa Aprili 2020 serikali ya Marekani ilitangaza mpango wa kuwasaidia wakulima wake, na ndani yake zikatengwa dola bilioni 16 za kulipwa wakulima moja kwa moja. Huko vijijini mwao walijaza fomu, wakaandikisha ng'ombe wao na mazao yao, kisha fedha zikaingia katika hesabu zao za benki. Na kwa kuwa malipo yalipimwa kwa wingi wa mazao na mifugo, mwenye vingi alipata zaidi, mpaka kikomo cha dola 250,000 kwa mtu mmoja. Habari hizi zilipofika huku kwetu, mkulima wa pamba wa Magu, Kwimba, Misungwi au Sengerema alikuwa na haki ya kuuliza: Je, na sisi tuna mfuko gani wa siku ya shida?

Wapo waliomjibu kwamba nchi yetu ni maskini, na asiyekuwa na kitu hawezi kutoa kitu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Historia ya pwani hii ya Ziwa inaonyesha kwamba mkulima wake aliweka akiba zaidi ya mara moja, tena kwa jasho lake mwenyewe. Kilichokosekana kilikuwa ni daftari ambalo yeye mwenyewe angeweza kulisoma.

MWAKA WA MAJIVU

Kabla ya kuitazama historia yetu, tuchukue kipimo. Katika mwaka wa 18 Hijria, yaani mwaka 639 wa Miladi, Waislamu walipatwa na misiba miwili mikubwa. Huko Sham ilizuka tauni ya Amwas, iliyowaua maelfu ya watu, wakiwemo masahaba wakubwa kama Abu Ubaida bin Al-Jarrah na Muadh bin Jabal (r.a.). Na huku Hijazi mvua zilikatika, ardhi ikakauka ikawa kama jivu, hata mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Majivu.

Khalifa wakati huo alikuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.). Wanahistoria wamesimulia mengi juu ya mwaka huo, nasi tutachukua mambo manne.

La kwanza, kiongozi alijinyima. Sayyidna Umar aliacha kula samli na nyama mpaka watu wote wazipate, akawa anakula mkate kwa mafuta hata rangi ya uso wake ikabadilika.

La pili, alihesabu. Ibn Saad amesimulia kwamba watu wa majangwani walipokimbilia Madina, Sayyidna Umar aliamrisha wahesabiwe wanaokula mezani kwake, wakapatikana kiasi cha elfu saba. Kisha akaamrisha wahesabiwe na wale wasioweza kufika, yaani wagonjwa, wanawake na watoto, wakapatikana kiasi cha elfu arobaini. Zingatia hapo, ewe msomaji. Kiongozi huyo hakutosheka na wale waliofika mlangoni. Aliwatafuta waliokuwa hawana nguvu ya kutembea, kwa sababu katika kila janga mhitaji mkubwa ndiye asiyeonekana.

La tatu, alilegeza kodi. Imepokewa kwamba mwaka huo hakuwapeleka wakusanyaji wa zaka kwa wafugaji, bali aliwangoja mpaka mvua ziliponyesha na mifugo ikapata uhai. Hata adhabu ya mwizi imepokewa kwamba aliisimamisha, kwa kuwa mwenye njaa hana miiko.

La nne, aliwarudisha watu katika kazi zao. Mvua iliponyesha hakuwaacha wale wakimbizi wakae Madina wakingoja chakula cha kila jioni. Aliwapa chakula cha njiani na wanyama wa kupanda, wakarejea makwao kwenye malisho yao.

Na kuhusu ule ugonjwa wa Sham, sote twajua kwamba Sayyidna Umar alipofika Sargh na kupewa habari ya tauni, alishauriana na wakubwa wa Muhajirina, wa Ansari na wa Makureshi, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwamba anatoka katika kadari kwenda katika kadari, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye mabonde mawili mbele yake, moja lina majani na jingine ni kavu. Popote atakapowachunga, amewachunga kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini hakuna mchungaji mwenye akili atakayechagua lile kavu. Msukuma yeyote mwenye ng'ombe anaufahamu mfano huu bila ya kufasiriwa.

Basi hivyo ndivyo vipimo vyetu: kujinyima, kuhesabu, kulegeza na kurudisha. Sasa tuje nyumbani.

SOTOKA NA MALALE

Kabla ya wakoloni, watemi wa Usukuma walikuwa wakipokea nafaka kutoka kwa raia zao, na mtemi alitazamiwa kuifungua ghala yake wakati wa njaa. Hatusemi kwamba kila mtemi alikuwa mwadilifu, lakini desturi ilikuwa inajulikana na kila mtu: nafaka ile iliingia kwa jina la mtemi, na ilikuwa na siku yake ya kutoka. Raia aliyeona ghala haifunguliwi alijua kwamba amedhulumiwa.

Katika miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki yote na kuua ng'ombe wasio na idadi. Kwa watu ambao ng'ombe ndiye mahari, ndiye jembe la kesho na ndiye akiba ya mwaka mbaya, hii ilikuwa ni sawa na benki zote kuungua usiku mmoja. Wajerumani ndio kwanza walikuwa wanaingia nchini. Walikuja na bendera na askari, na haukupita muda mrefu wakadai kodi.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Upande wa Uganda, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ugonjwa huu uliwaua watu zaidi ya 200,000 katika pwani na visiwa vya Ziwa. Mwaka 1906 daktari mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, alipita Mwanza kisha akaweka kambi katika visiwa vya Sese, akawatibu wagonjwa kwa dawa iitwayo atoksili, ambayo baadhi yao iliwapofusha macho. Serikali ya Waingereza huko Uganda, chini ya Gavana Hesketh Bell, iliwahamisha watu kutoka ukanda wa pwani na visiwani, wakaacha mashamba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao.

Upande wetu, malale ya aina nyingine iligunduliwa Maswa mwaka 1922. Katika miaka iliyofuata serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwakusanya watu wa sehemu zenye mbung'o katika makazi ya pamoja, na maelfu ya wanaume wakaitwa kufyeka vichaka kwa mikono yao. Haki itendwe katika kusema: kazi hiyo iliokoa maisha, na kuwatoa watu penye mbung'o kulikuwa na maana. Lakini tazama ni nani aliyeigharimia. Mkulima aliacha shamba lake, akajenga nyumba upya, na akatoa nguvu zake kufyeka. Msaada wa serikali ulimfikia kwa sura ya amri.

PAMBA NA MFUKO USIOONEKANA

Pamba ililetwa pwani ya Ziwa tangu enzi za Wajerumani, na chini ya Waingereza ikawa ndiyo zao kuu la fedha. Hadi leo zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania inatoka katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliinunua pamba ya makoloni yake kwa mkataba. Mkulima wa Uganda na wa Tanganyika alilipwa chini ya bei ya soko la dunia, na ile tofauti ikawekwa katika mifuko ya akiba. Hoja ilikuwa nzuri masikioni, tena inafanana na ile ya Nabii Yusuf (a.s.): miaka ya bei nzuri tuweke, miaka ya bei mbaya tumfidie mkulima. Mwaka 1952 ikaundwa Bodi ya kuuza pamba nyuzi na mbegu za pamba ya Tanganyika, ambayo pamoja na kuuza ilikuwa na kazi ya kusawazisha bei kwa kutumia akiba hiyo.

Basi kasoro ilikuwa wapi? Kasoro ilikuwa kwamba mwenye mali hakuwepo mezani. Huko Buganda mwaka 1949 wakulima walifanya ghasia, na miongoni mwa madai yao yalikuwa ni haki ya kuuza pamba yao wenyewe na kumiliki viwanda vya kuichambua. Walijua kwamba kuna fedha zao mahali fulani, na kwamba zikitumiwa kwa jambo jema au baya hawataulizwa. Huku Usukuma, kuanzia mwaka 1947, serikali iliendesha mpango mkubwa wa maendeleo: malambo yalichimbwa na ardhi mpya ikafunguliwa upande wa Geita. Lakini mpango huo huo ulikuja na sheria za kupunguza mifugo na za kulima kwa namna iliyoamriwa, na asiyefuata alitozwa faini. Mkulima akauona mkono wa serikali unaochukua na unaopiga faini. Ule unaoweka akiba kwa niaba yake hakuuona.

Uislamu una neno moja linalolimaliza jambo hili, nalo ni amana. Aliyeshika mali ya mwenziwe kwa amana hana ruhusa ya kuitumia kwa rai yake, hata kama rai hiyo ni nzuri, ila kwa idhini ya mwenyewe. Na mwenyewe hawezi kutoa idhini juu ya jambo asilolijua.

MIZANI YA MKULIMA

Mwanzo wa mabadiliko haukuwa mfuko wala sheria. Ulikuwa mizani. Wakulima wa Mkoa wa Ziwa wa zamani hizo waliamini kwamba wanapunjwa uzito katika vituo vya kununulia pamba. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950 walianza kujipanga kuweka watu wao wa kuangalia mizani, kila mmoja akichanga kidogo. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Paul Bomani, mzaliwa wa upande wa Musoma, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa kwanza Mwafrika wa Tanganyika. Vyama vya msingi vikaandikishwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake Mwanza. Kufikia wakati wa uhuru shirikisho hilo lilikuwa likishughulikia pamba yote ya mkoa, lilimiliki viwanda vya kuchambua, na lilitajwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani.

Katika Sura ya Al-Mutaffifin, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) amewaahidi adhabu wale wanaopunja vipimo: wakijipimia kwa watu hutaka kujaziwa, na wakiwapimia watu hupunguza. Wakulima wale, wengi wao hawakuwa Waislamu, lakini walisimama juu ya msingi huo huo. Walijua kwamba dhuluma kubwa huanzia katika ratili moja, na kwamba dawa yake ni jicho la mwenye mali kwenye mizani.

Lakini jicho hilo lilianza kusinzia. Ushirika ulikua upesi kuliko elimu ya wanachama wake. Mwaka 1966 Tume ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, na miongoni mwa maradhi iliyoyataja ni ukosefu wa uaminifu, upendeleo katika kuajiri, na wanachama wasioelewa mambo ya chama chao. Serikali ikaingilia kati, na mwaka 1968 shirikisho likageuzwa kuwa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Makato yaliendelea kukatwa katika kila kilo: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya bodi, ya halmashauri. Kila kato lilikuwa na jina lake na sababu yake. Lakini ni wakulima wangapi walioweza kusema baada ya miaka 10 jumla ya makato yao ilikuwa kiasi gani na iko wapi?

CHAMA KILIVUNJWA, AKIBA IKAWA WAPI?

Tarehe 14 Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na kazi ya kununua pamba ikawa ya Mamlaka ya Pamba. Viwanda, maghala na malori yaliyonunuliwa kwa makato ya wakulima yakaenda katika mikono mingine, na wanachama hawakuulizwa. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Nyanza ikaanza tena mwaka 1984, lakini imani ya wanachama haikuweza kurudishwa kwa sheria. Katika miaka hiyo mkulima aliizoea hali ya kupeleka pamba na kurudi nyumbani na karatasi, akingoja fedha kwa miezi.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Baadaye ukaanzishwa mfuko wa kulipia mbegu na dawa za wadudu, uliotokana na makato katika pamba, na jina lake likawa Mfuko wa Wakfu wa Kuendeleza Zao la Pamba.

Hapa tusimame kidogo juu ya neno hilo: wakfu. Ni neno letu, limeingia katika Kiswahili cha serikali kutoka katika sheria ya Kiislamu. Wakfu ni mali iliyozuiwa isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi. Asili yake hubaki, na manufaa yake huenda kwa waliotajwa. Kila wakfu una msimamizi, na msimamizi huyo anadaiwa hesabu hapa duniani na kesho mbele ya Mola wake. Sharti la aliyeweka wakfu huheshimiwa na wanazuoni kwa uzito mkubwa sana. Sasa, ikiwa aliyeweka ni mkulima, kwa kukatwa shilingi kadhaa katika kila kilo, basi sharti lake limeandikwa wapi? Yeye mwenyewe, je, alijua kwamba ameweka wakfu? Jina zuri ni deni. Ukiliita jambo wakfu, umejifunga kulitendea kama wakfu.

MWAKA WA KORONA

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Tofauti na nchi nyingi, serikali haikuwafungia watu majumbani. Mkulima aliendelea kwenda shambani, masoko yakaendelea, na hilo kwake lilikuwa nafuu isiyodharauliwa, kwani anayekula leo alichokipata leo hawezi kukaa ndani siku 40. Upande wa pili wa Ziwa, Uganda ilifunga shughuli nyingi, na katikati ya mwaka 2021 ikawatumia baadhi ya watu wake shilingi 100,000 za Uganda kila mmoja kwa simu. Lakini fedha hizo ziliwalenga zaidi waliokosa kazi mijini, kama madereva wa bodaboda. Mkulima hakuwa katika orodha hiyo.

Hata hivyo soko la dunia halikumwacha mtu wa Ziwa. Ndege ziliposimama, viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza vilipata taabu ya kusafirisha, na mvuvi akaiona taabu hiyo katika bei. Maduka ya nguo ya Ulaya na Marekani yalipofungwa, pamba ikaanguka. Katika msimu wa 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Katika msimu wa 2020 ikawa shilingi 810. Kwa mkulima aliyevuna kilo 500, tofauti hiyo ni shilingi 195,000: ndiyo ada na sare za watoto, ndiyo bati za nyumba, ndiyo dawa ya mgonjwa. Bei ilipanda tena misimu iliyofuata, lakini mbuzi aliyeuzwa mwaka 2020 hakurudi zizini.

Sasa hapo ndipo lilipokuwa swali. Mfuko wa kusawazisha bei uliwekwa tangu siku za babu yake kwa ajili ya mwaka kama huo. Babu alikatwa. Baba alikatwa. Yeye mwenyewe amekatwa. Siku ilipofika, hakukuwa na ghala ya kufunguliwa.

Hatusemi kwamba serikali haikufanya lolote. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa dola milioni 567 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ambao ni kiasi cha shilingi trilioni 1.3. Tarehe 10 Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa kuzitumia, na watu wakaziita fedha za UVIKO. Yakajengwa madarasa 15,000 nchini, na nyingine zikaenda katika maji, hospitali na kusaidia kaya maskini. Wengi wanaukumbuka mpango huu kwa jambo moja: kiasi kilitajwa hadharani, idadi ya madarasa ikatajwa, na kila kijiji kiliweza kwenda kutazama kama darasa lake limesimama. Hilo ni daftari, nasi tunalisifu.

Vilevile upo mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012 na kufikia kaya zaidi ya milioni 1. Awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020, mwezi mmoja kabla ya korona kuingia. Katika awamu ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na nyongeza kwa kaya zenye watoto. Ni kiasi kidogo, lakini katika nyumba ya mjane wa Ukerewe ni debe la mahindi na sabuni. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba majina hupitishwa katika mkutano wa kijiji, mbele za watu wanaojuana. Palipo na upendeleo, upo mdomo wa kuusema.

Hata hivyo twarudi kwenye kipimo chetu. Madarasa ni ya wote, na ruzuku ni ya fukara. Aliyebaki katikati ni yule mkulima asiye fukara wa kuandikwa, wala si tajiri wa kustahimili. Na katika jambo la kuhesabu, tuseme kweli: baada ya tarehe 29 Aprili 2020, walipokuwa wametangazwa wagonjwa 480, takwimu za ugonjwa zilisimamishwa kutangazwa, na hazikurejea ila baada ya mwaka mzima na zaidi. Maiti walioshwa, wakasaliwa na kuzikwa, na familia zikabaki na majonzi yasiyo na jina. Sayyidna Umar aliwahesabu hata wasioweza kufika mezani. Kuhesabiwa ni sehemu ya heshima ya mwanadamu, kwani asiyehesabiwa hawezi kukumbukwa wakati wa kugawa.

TUFANYEJE?

Tusiwe watu wa kuilaumu serikali tu ilhali madaftari yetu wenyewe ni meupe. Sisi Waislamu wa Mwanza na pwani yake tumeamrishwa kuwa na mfuko wa shida tangu karne 14 zilizopita, nao ni zaka. Mkulima wa mpunga, mahindi au mtama anayefikisha nisabu, ambayo ni wasaki 5, kiasi cha kilo 650 hivi, hutoa sehemu moja katika 10 kama mazao yamenyeshewa na mvua, na moja katika 20 kama ameyamwagilia kwa gharama. Pamba, kwa madhehebu ya Imam Shafi, haimo katika zaka ya mazao kwa kuwa si chakula, na Imam Abu Hanifa anaiingiza. Lakini fedha yake ikikaa mwaka na ikifikia nisabu, hapana hitilafu kwamba ina haki ndani yake. Je, misikiti yetu mingapi ina daftari la zaka la kijiji? Wangapi wanajua waliotoa mwaka jana na waliopewa? Kama korona ingerudi kesho, ni imamu gani angeweza kufungua kitabu na kusema: Hawa ndio wajane wetu, hawa ndio wagonjwa wasioweza kutembea, na hiki ndicho kilichomo ghalani?

Na kwa ndugu zetu walio katika vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo tangu mwaka 2018 na 2019 vimerudishwa katika ununuzi wa pamba, tunawausia kwa mambo matatu. Mwanachama asome stakabadhi yake kila kato kwa kato, na asiyejua kusoma amlete mwanawe asome. Kiongozi abandike hesabu ya mfuko penye mizani, mahali ambapo macho ya watu tayari yapo. Na kila fedha inayokatwa kwa jina la akiba iandikwe siku yake ya kutoka: ikitokea bei imeshuka kiasi gani, au maradhi yamefunga soko, mkulima atapata nini. Akiba isiyo na siku ya kutoka ni kodi iliyovaa kanzu ya akiba.

Kumlipa mkulima wakati wa janga kusihesabiwe kuwa hisani ya mtawala, wala mkulima asiulizie kwa sauti ya kuomba. Mali hiyo ni yake iliyotangulizwa, na aliye juu yake ni mshika amana. Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) awarehemu waliotutoka katika maradhi hayo, waliohesabiwa na wasiohesabiwa, awape viongozi wetu utunzaji na ujuzi pamoja, na atujaalie sisi kuwa watu wa kuandika tunachodaiana. Amin.

Wabillahi tawfiq.